Ukungu Upande wa Kushoto

Huletwa kwangu picha zilizougua.
Hii ilikuja imeviringishiwa blanketi la ng'ombe,
juu ya mapaja ya Menga Derungs, miaka themanini na tatu,
aliyepanda basi la posta alfajiri
akateremka nayo hadi Chur bila kuiweka chini hata mara moja.
"Baba aliichora jikoni," alisema.
"Alikuwa mtu wa jibini. Hakufundishwa na yeyote."

Mlima, basi. Mlima na shingo yake,
barafu ikishuka kama ulimi wa ndama
mpaka karibu na zizi;
misonobari michache, meno ya kitana kikuukuu.
Na upande wa kushoto, ukungu
mzito, umepakwa kwa kisu, si kwa brashi.

Mimi husafisha kwa mate.
Msicheke. Mate ya binadamu, na uvuguvugu wake,
huyeyusha moshi wa jiko yakaiacha rangi salama;
sijapata dawa ya dukani iliyoyashinda.
Nazungushia pamba kijiti, natia kinywani,
napangusa anga kiasi cha ukucha,
natupa, naanza tena.
Siku tisa nimeonja jiko la watu:
masizi, mafuta ya nguruwe, supu ya shayiri,
baridi za miaka arobaini zilizogandia juu ya buluu.
Theluji ikarudi. Kumbe haikuwa nyeupe:
ina waridi, ina kijani cha chupa,
na pale kileleni alama ya dole gumba, mistari yake yote,
kana kwamba mlima haukujua kuandika
ukaambiwa utie sahihi hivyohivyo.

Siku ya kumi nikaipiga picha kwa miale isiyoonekana.
Ndani ya ukungu mlikuwa na mtu.
Urefu wa punje ya mchele,
mzigo mgongoni, mguu mmoja mbele.

Nikampigia simu Menga. Nikamweleza:
ukungu uliongezwa baadaye,
naweza kuubandua kwa siku mbili na kisu kidogo.
"Kuna mtu humo," nikasema. "Amevaa skafu."
Kimya. Nikasikia saa ya ukutani kwake.
"Nyekundu," akasema.

Gieri, kaka yake. Miaka kumi na tisa.
Alivuka shingo ya mlima mwezi wa pili, na tumbaku ya magendo,
kuuza upande wa Italia,
na upande wa Italia hawakumwona.
Baba alimchora akiwa bado anatembea.
Mama akaishi na picha ile wiki nzima,
akimpita, sahani mkononi,
akimpita, kuni kifuani,
Jumapili akaweka kijiko chini:
"Mfunike. Ana baridi."
Baba hakujibu. Akachukua kisu cha siagi.

Kazi yangu ni kufunua. Nimesomea kufunua.
Na mlima wenyewe siku hizi umeshika kazi hiyohiyo:
ule ulimi umejikunja nyuma kilomita mbili,
kila kiangazi unatema kitu,
kwato, kipande cha ngazi, kifungo cha shaba.
Mwaka jana buti moja, la kushoto.
Liko polisi, ndani ya mfuko, lina namba.
Menga hajaenda kulitazama.

Sikuubandua.
Niliufuta juujuu tu,
kama unavyomfuta mtoto uso akiwa usingizini,
pamba ishirini na moja,
na kwenye ankara nikaandika: ukungu ni wa asili.
Ulitoka mweupe kuliko theluji yote ya picha ile.
Nilipoiinamisha dirishani, mwanga ukija kwa ubavu,
nikaona kisu cha siagi kilivyopita:
mara tatu, mara nne, kikirudi palepale,
kikishindilia pembeni,
kama mtu anayechomeka blanketi chini ya godoro.